Jinsi ya Kupigwa kwa Heshima: Mwongozo wa Masoko ya Chini ya Meru

Umefika likizo. Umelipia kibanda chenye paa la nyasi na bafu la maji moto kule Usa River, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Siku ya kwanza umetazama twiga mpaka twiga wakachoka. Siku ya pili Mlima Meru, pamoja na mita zake 4,566, umejifunika wingu saa tatu asubuhi wala haukuaga. Siku ya tatu watoto wanaulizia chipsi. Hapo ndipo mtu mwema wa mapokezi anapokwambia, "Kwa nini msiende kutembelea miji yetu ya masoko? Ina historia." Sisi tunaokaa Themi, Arusha mjini, tumewaona wengi waliopokea ushauri huo, na tumewaona wakirudi. Kwa huruma tumeandika mwongozo huu. Ufuate hatua kwa hatua. Hautakusaidia.

Kwanza, ijue kalenda. Tarehe ziache hotelini. Huku mambo huendeshwa na siku. Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Ngaramtoni ni Alhamisi na Jumapili. Jumatano ndiyo pia siku ya mnada wa Kisongo, na Alhamisi Wamasai wanateremka Mto wa Mbu. Usitafute kibao kinachosema hivyo. Ukiuliza utajibiwa "si Jumamosi?" kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jua huchomoza upande gani. Ukikosea siku utakuta meza tupu, mbwa wawili na mzee atakayekwambia soko lilikuwa jana. Usimbishie: hata ukija kesho, lilikuwa jana.

Pili, panda haisi. Usiulize kama kuna nafasi, nafasi ipo. Konda atakuonyesha kiti ambacho wewe ulidhani ni goti la mtu. Kaa. Tangu barabara ya Sakina hadi Tengeru ipanuliwe kuwa njia nne, tunakwama kwa raha zaidi, wanne wanne. Ukishuka, vijana wa toyo watakuzunguka. Toyo ni bodaboda. Ukiiita bodaboda umeshajitambulisha. Toa nauli kamili, maana chenji hutolewa mkifika, na mkifika huwa ni kwa abiria mwingine.

Tatu, salimia. Hii ndiyo sheria kubwa kuliko zote, na hakuna atakayekutajia. Bei haiulizwi kabla ya salamu. Mama aliyeketi nyuma ya nyanya zake mpe "shikamoo" kama umri unadai, uliza habari za asubuhi, za nyumbani, za mvua. Yeyo, yaani mama, wa Kimasai au wa Kiarusha mwambie "takwenya", usubiri akujibu "iko", na usiongeze neno jingine la Kimaa kwa sababu huna. Mgeni anayeanza na "hii shilingi ngapi?" hatukanwi. Anatazamwa viatu. Bei inasomwa pale.

Ukishasalimia vizuri utaulizwa, kwa upole mno, "Mwanangu, umetokea wapi?" Utadhani ni mazungumzo. Ni orodha ya bei. Ukijibu Dar, umekwisha. Ukijifanya mwenyeji ukasema Sakina, utaulizwa, "Sakina upande gani?" Sema ukweli mapema, uongo una gharama ya ziada.

Nne, jifunze vipimo. Kilo ipo kwa mujibu wa sheria. Sado ipo kwa mujibu wa mama. Sado ni kopo la rangi la lita nne lililostaafu kazi ya kupaka kuta, sasa linapima maharage, mahindi na viazi. Lisimamie kwa makini. Kuna sado ya mfuto, inayokatwa sawasawa mdomoni, na kuna sado ya shumbi, yenye kilima juu mfano wa Meru yenyewe. Utaiona shumbi ikipanda, punje zikiteremka pembeni, nawe utalainika moyo kwa ukarimu huo. Kilima hicho kitazame upendavyo. Kitako kilichobonyezwa ndani hakikuhusu, kwa kuwa hukukitazama. Gunia la lumbesa, lile lenye kichwa kirefu kuliko mwili, limepigwa marufuku, na ndiyo sababu linashonwa kwa ustadi mkubwa namna ile. Mwisho omba nyongeza. Utapewa nyanya mbili. Zilishahesabiwa.

Tano, tafuta ile historia uliyoifuata. Tengeru, uliza makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1942, katikati ya vita kuu, walianza kufika hapa wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa Siberia na Wasovieti kisha wakapitia Uajemi. Kambi yao ilifikia watu takriban 5,000, wakalima, wakasoma, wakasali kanisani kwao chini ya mlima ambao hawakuwahi kuusikia. Waliobaki hadi leo ni wale waliozikwa. Ni sehemu tulivu, yenye majina marefu kwenye mawe, na inastahili kofia ivuliwe. Kufika ndiyo kazi. Kila utakayemuuliza atakunyooshea mkono na kukwambia "mbele kidogo". Mbele kidogo nacho ni kipimo cha huku, tena hakina kitako kabisa.

Sita, kabla hujaanza kupunguziwa bei, mjue unayeshindana naye. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wa Kizungu wapate mahali pa kufugia ng'ombe. Wameru hawakunyamaza. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwadaia ardhi yao. Mashamba hayakurudi siku ile, lakini ulimwengu ulisikia. Watu hawa walishapeleka madai yao mpaka ng'ambo ya bahari, nawe umesimama hapa kubishana nao juu ya fungu la karoti. Endelea tu. Watakusikiliza kwa adabu, kisha watakuuzia kwa bei ileile.

Saba, ukifika Ngaramtoni usihangaike kutafuta jengo la kale la kupiga picha. La kale ni soko lenyewe. Tangu zamani mlima ulilima na tambarare ilifuga. Kina mama waliteremka na mahindi, maharage na ndizi, wakapanda na maziwa na ngozi, na katikati ya njia wakakubaliana bei bila kalamu wala karani. Yule anayekuangalia huku akimenya njegere amerithi kazi hiyo kwa mama yake, aliyeirithi kwa bibi yake. Wewe umerithi simu yenye kikokotoo. Irudishe mfukoni, inawachekesha.

Nane, Kisongo, mnadani. Usimshike mbuzi mgongoni kwa mapenzi, umeshaanza kumnunua. Usitikise kichwa ovyo. Kijana aliyejitokeza kukusaidia kwa moyo mweupe ni dalali, na moyo wake mweupe una asilimia yake. Ukiona mambo yamekuwa mazito, kimbilia kwenye nyama choma. Chagua paja, lipimwe likiwa bichi, kisha ukae. Utaambiwa dakika kumi. Katika dakika hizo kumi utamaliza soda mbili na kufahamiana na ukoo mzima wa jirani yako. Nyama ikija, mkataji ataonja kipande ahakikishe imeiva, halafu kingine ahakikishe alichohakikisha. Usimhesabie: ameshika kisu.

Tisa, shuka la kimasai. Utalinunua, hata kama umeapa. Litandaze, lijaribu begani, sifu wekundu wake. Lebo isomewe nyumbani.

Kumi, rudi hotelini ukiwa na mkungu mzima wa ndizi usioingia kwenye buti, shuka moja, na sado ya maharage ambayo kwa namna fulani haijai sado. Mtu mwema wa mapokezi atakuuliza umenunua kwa kiasi gani. Hapa kuna sheria ya mwisho, nayo tunaitii sote mpaka wenyeji wa Themi: taja nusu. Hata hiyo nusu ukiitaja, atashika kiuno na kusema, "Aisee, umepigwa." Kila mtu huku amepigwa na kila mtu anajua jirani yake alipigwa zaidi, na amani ya mkoa imesimama juu ya hilo.

Nasi tunajua utarudi. Jumatano utamkuta mama yuleyule, mahali palepale. Atakukumbuka. Hatakupunguzia hata shilingi, ila safari hii ataanza yeye kukusalimia, aulize watoto wanaendeleaje, na akikupimia sado atakigeuza kitako ukione. Huo ndio upeo wa mafanikio katika masoko haya, na wengine wetu imetuchukua miaka kuufikia.

Beba kikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na kikapu kinauzwa palepale, kwa bei ya viatu vyako.