Mgeni Ndani ya Nyanya

Leo asubuhi nimepeleka nyanya gengeni. Kuuza, si kununua. Nilizifuta moja moja kwa kitambaa, nikazipanga kwenye ndoo, zenye sura nzuri juu, kama biashara inavyotaka. Mwenye genge hakuzitazama za juu. Alizamisha mkono hadi chini ya ndoo, akaibuka na moja, akaipasua kwa kisu chake cha mchicha huku wateja wote wanatazama. Kikatoka kifunza cha kijani chenye kichwa cha kahawia. Kikapanda kwenye bapa la kisu, kikainua kichwa.

"Kaka, na huyu nimlipie?"

Vijana wa bodaboda walicheka, mmoja akazima kabisa pikipiki ili acheke bila kelele. Halafu dada yule mwenye genge akachota fungu la nyanya zake mwenyewe, akaniwekea kwenye ndoo. "Ukapike, kaka yangu. Pole."

Matusi ningeyasahau kabla ya mchana. Pole ile bado inaniwasha.

Mgeni mwenyewe ni Tuta absoluta, ambaye wakulima wanamwita kantangaze. Wanasayansi walimwandika mwaka 1917 kutoka Peru. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akashuka Afrika Kaskazini, na mwaka 2014 alikuwa ameshabisha hodi kaskazini mwa Tanzania. Kwa kasi hiyo haikuwa ajabu kunikuta mimi Dar es Salaam, nyuma ya pagala la shemeji lililogota kwenye lenta, nikiwa na matuta yangu na matumaini ya kipupwe.

Chuki yangu kwake ni kubwa, lakini kazi yake inastahili kuangaliwa. Mzazi ni nondo wa kijivu, urefu wake milimita sita au saba, mchana anajificha majanini, jua likizama anaanza shughuli. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hata 260. Kifunza akianguliwa hakai juu ya jani kusubiri dawa. Anatoboa, anaingia, anakula nyama ya jani katikati ya ngozi ya juu na ya chini, kama mpangaji anayebomoa nyumba kwa ndani na kuacha rangi ya nje isiguswe. Inua jani ulielekeze kwenye jua utamwona: doa linalopitisha mwanga, ndani yake kivuli kinachojongea, na nyuma yake mstari mweusi wa kinyesi. Akishiba jani anahamia kwenye tunda, mara nyingi kwa kupitia chini ya kikonyo, ambako mwenye ndoo na kitambaa haangalii. Joto la pwani linamharakisha. Kutoka yai hadi nondo mwezi hauishi.

Nikaambiwa nitege mtego wa harufu. Ni kitu cha kupendeza. Unaning'iniza kipande kidogo cha mpira chenye harufu ya jike juu ya beseni la maji ya sabuni. Madume yanakuja usiku kwa mapenzi tupu, yanazama. Asubuhi beseni limejaa mabwana harusi, na mimi nimesimama pembeni kama mshenga muuaji. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2012 watafiti walichapisha ushahidi wa maabara kuwa jike ambaye hajawahi kukutana na dume anaweza kutaga mayai, na mayai yakaanguliwa. Zaidi ya hapo, mtego huo hasa ni wa kukujulisha kwamba wamefika. Mimi taarifa hiyo nilikuwa nayo.

Basi nikaenda duka la pembejeo. Muuzaji alisikiliza nusu ya maelezo, akaingia nyuma, akarudi na dawa aliyoipima kwenye chupa ya maji ya kunywa. Haikuwa na lebo wala jina. Kwa kipimo alinyoosha kidole kwenye kifuniko: "Kimoja kwa bomba." Bomba la lita ngapi, hakusema. Ilipogoma nikarudi, akanipa nyingine, nayo kwenye chupa ya maji.

Hapa kicheko kinanikauka. Kantangaze anazoea dawa upesi, kwa sababu wachache wanaopona ndio wanaozaa kizazi kinachofuata. Dawa yake ni kubadili kundi la sumu, na mara nyingi namba ya kundi iko kwenye lebo. Mimi nilikuwa nabadili chupa. Kama nilibadili na sumu, nani ajuaye? Kwenye lebo hiyo hiyo huandikwa siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Mkulima akiuza nyanya yenye sumu atasemwa redioni kwamba hana elimu. Aliyemimina dawa, elimu hiyo ikabaki dukani, akamkabidhi sumu kwenye chupa ambayo mtoto mwenye kiu ataifungua bila kuuliza, huyo hatajwi. Mdudu amevuka bahari na kufika. Karatasi ya maelezo imeshindwa kuvuka kaunta.

Misimu mingine haina mengi. Masika maji yalichukua bilinganya, samadi na kandambili moja. Vuli ilikuwa ya kuku wa jirani. Kiangazi bomba la maji lilitoa upepo, na mchicha ukatoa mbegu ukiwa na urefu wa kidole.

Kilichobaki ni matembele. Nilichomeka vipande vya mashina kwenye kona ya pagala, nikaviacha, vikafunika kona, vikapanda ukuta, sasa vinaelekea kwenye lenta. Vimeniletea heshima mtaani. Juzi jirani alikuja na jani la nyanya yake lenye madoa, akaniita mtaalamu, akauliza apulize nini.

"Twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja," nikamwambia, mikono nyuma.

"Kipimo?"

"Kifuniko kimoja kwa bomba."

"Kifuniko cha nini?"

"Chochote ulichonacho."

Akashukuru sana.