Kumi Kwanza, Tisa Baadaye: Kuishi Pangani

Mswahili akitaka kukubana na hoja husema, "Hayo tisa, kumi ni hili." Orodha hii inakwenda kinyumenyume: kumi ndiyo nyepesi, na uzito uko chini kabisa, kwenye moja. Naiandika kwa ajili ya rafiki yangu wa Dar es Salaam aliyekuja Pangani Ijumaa, akala changu wa kuchoma, akaliona jua likichomoza baharini, na Jumapili akiwa stendi akatangaza kwamba anahamia. Mimi nilizaliwa hapa, nikaishi Dar miaka 14, nikarudi. Asome kwanza, ndipo afunge mizigo.

10. Hakuna foleni ya magari

Magari matatu yakifuatana, watu hutoka barazani kuuliza ni harusi ya nani. Ila kuna foleni ya salamu. Kutoka kwangu hadi sokoni ni mita 400, nami hujipa nusu saa. Mzee wa baraza ya kwanza ataniuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na za yule mbuzi aliyekuwa anaumwa. Kwenye foleni ya Mbagala, kule Dar, mtu unapandisha kioo. Hapa ukimpita mtu kimya asubuhi, hadi magharibi umeshaota mapembe.

9. Samaki hajui barafu

Changu anafika jikoni bado anakukodolea macho. Hilo siwezi kulikosoa. Ninachokosoa ni kusi: likivuma, ngalawa zinalala mchangani na fungu la vibua linaombwa bei ya kuku. Halafu wale wakubwa, nguru na kolekole, hupakiwa alfajiri kwenda Tanga, kilomita 50 tu kutoka hapa. Wenye bahari tunabaki na vichwa. (Vichwa vya nguru kwa mchuzi wa nazi ni vitamu, lakini msiwaambie watu wa Tanga.)

8. Historia iko mlangoni

Iko mlangoni kweli, na wakati mwingine inadondokea kwenye chai. Abushiri bin Salim, aliyewatoa Wajerumani jasho pwani hii tangu 1888, alinyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ng'ambo ya mto, Kikokwe, ndipo Richard Hindorf alipopanda mkonge mwaka 1893: miche iliyofika hai kutoka Marekani ilikuwa 62, na katika hiyo likatoka zao lililoifanya Tanganyika itajwe duniani kote. Wageni hulipia kuyasikia haya, kisha hupiga picha nyumba zetu za mawe ya matumbawe na kusema zina mvuto.

Mvuto tunaujua sisi tunaolala ndani. Ukuta wangu umejengwa kwa chokaa, na mafundi wa chokaa wamekwisha. Fundi wa siku hizi alikuja na simenti, akaupaka vizuri, akaondoka akijisifu. Simenti ikafungia chumvi na unyevu ndani, na mwaka haukuisha plasta ikaanza kubanduka kama mkate wa ufuta. Kipande cha ukubwa wa kiganja kiliingia kwenye kikombe cha mgeni wangu akiwa anaeleza jinsi anavyopenda nyumba za kale.

Hasara nyingine ya historia: mji unaokumbuka 1889 hauwezi kusahau 1989. Mwaka huo, nikiwa mtoto, nilikula haluwa kupita kiasi nikatapika katikati ya Maulidi, karibu kabisa na viatu vya mashehe. Nimesoma, nimeoa, nina mvi. Bado mimi ni "yule wa haluwa."

7. Wakala wa simu

Nilitaka kutoa laki mbili. "Mwandishi, sina pesa, tusubiri mtu aje kuweka." Nikarudi nyumbani. Saa kumi akanipigia: "Njoo haraka, Mama Fulani kaweka laki tatu, za kikoba." Jina alilitaja lote, ninayeficha ni mimi. Nikapata pesa yangu, nikapata na hesabu za Mama Fulani bila kuziomba. Nilichokesha nikikiwaza ni nani naye alipigiwa simu siku niliyoweka mimi.

6. Imefutwa

Mhusika anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na gazeti hili hulipata kabla yangu.

5. Mto

Mto wetu unaanzia Kilimanjaro na Meru, unazungusha mitambo ya umeme Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani Falls, ndipo unatufikia sisi. Usiku umeme ukikatika, nausikia ukipita gizani. Umeshafanya kazi yake yote huko juu, unakwenda zake baharini kupumzika.

4. Mtoto ni wa wote

Mwanangu alipanda mwembe wa watu saa nane mchana. Saa nane na robo nilikuwa nimeshapigiwa simu tatu, na kofi la kwanza alikuwa ameshalipata kwa bibi ambaye hatuna naye hata undugu wa kuunga kwa gundi. Nilikwenda kumshukuru yule bibi. Akaniambia embe moja nililomwibia mimi utotoni bado hajalisamehe.

3. Duka la dawa

Hapa nikae kidogo. Nilikwenda kununua dawa ya vidonda vya tumbo saa nne asubuhi. Muuzaji ni binti niliyemwona akianza shule, kwa hiyo alinihudumia kwa heshima zote: "Shikamoo baba. Tumbo tena?" Tena! Nyuma yangu wamesimama watu watatu.

Saa sita mama mkwe akaleta uji wa ulezi. Saa nane jirani akaleta magome ya mti ambao hataki kuutaja jina, kayafunga kwenye karatasi ya daftari. Saa kumi shemeji akapiga simu kutoka Muheza analia, amesikia nimelazwa. Nikamwambia mimi ndiye ninayeongea naye, akasema nisijikaze, wanaume ndivyo tulivyo. Hadi Isha nilikuwa na chupa mbili za asali, kuku jike mmoja na watu saba ukumbini wakijadili tumbo langu, mimi nikipitisha kahawa ambayo nimekatazwa kuinywa.

Niliwahi kuugua malaria siku nne peke yangu kwenye chumba cha kupanga Sinza, Dar. Aliyegonga mlango alikuwa mwenye nyumba, na alifuata kodi.

2. Kazi

Hili sina mzaha nalo. Ukitoa uvuvi, nazi, mkonge, bodaboda na ajira za serikali, kijana wa hapa anahesabu mabasi. Tuliosoma darasa moja, wengi wako Tanga na Dar, na huja Idi na maiti zikiletwa kuzikwa. Mimi nilirudi kwa sababu kuandika hakudai ofisi.

1. Pantoni

Kisa hiki ni cha kabla habari za kujenga daraja la mto huu hazijaanza. Nilikuwa nakimbia mchango wa harusi. Katibu wa kamati alinitafuta wiki nzima, nikaona dawa ni kuamkia Bweni, ng'ambo ya mto, na kushinda huko hadi jua litue. Nafika gatini, pantoni imeshaondoka, maji kama mita kumi. Nahodha akaniona. Tumecheza gololi pamoja. Akapiga honi, akairudisha.

Pantoni nzima, na lori lake la nazi, imerudi kwa ajili yangu! Abiria walinisonya, mwanamke mwenye dagaa akasonya kwa niaba ya waliosahau. Sikujali. Nilipanda nikipunga mkono kama mbunge, nikaelekea upande wa kivuli, na mtu mmoja akajivuta kwa adabu ili nipate pa kukaa. Daftari lilikuwa mapajani mwake, kalamu iko sikioni.

"Karibu, Mwandishi," akasema katibu. "Nilikuwa nimeshakuandika jina."

Darajani mtu angegeuza pikipiki. Kwenye pantoni unageukia wapi?

Nilitoa elfu ishirini. Nauli ya kuvuka alinilipia yeye.