Kiingilio cha Kondoo

Siku hizi mzazi wa Nairobi akitaka kuonekana mzazi hasa, Jumamosi huwapakia watoto garini, akashika barabara ya Limuru hadi shambani, akalipa kiingilio ili wanawe walishe kondoo. Analipa, jamani! Kule Molo mtoto akitumwa kulisha kondoo hununa, na hakuna anayempiga picha.

Kondoo mwenyewe hana makuu. Meno ya mbele ya juu hana, ana ufizi mgumu tu, kwa hiyo kiganja kikikunjuliwa vizuri hakina cha kuogopa. Tumbo lake lina vyumba vinne, vyote kwa ajili ya majani. Mgeni naye anachomoa mkate na biskuti mkobani, vitu ambavyo vikizidi huchachuka tumboni na huweza kumuua mnyama. Akikatazwa, anafura: si amelipa?

Kufikia saa saba watoto wamekwisha kumpa kila kondoo jina. Saa nane baba anaagiza nyama choma. Ya kondoo, kilo mbili, mbavu ziwe laini.

Nyanya yao kijijini naye anafuga kondoo. Hatozi kiingilio, na wajukuu hajawaona tangu Krismasi.