Nyota Tatu na Sakafu Iliyoinama

Hoteli ya nyota tatu katika Jiji la Mexico ina tabia moja isiyoandikwa kwenye tangazo lake: humwachia mgeni ajifunze mwenyewe. Kwenye mahoteli makubwa ya barabara ya Paseo de la Reforma kuna kijana aliyevaa suti ambaye kazi yake ni kueleza kila kitu kwa Kiingereza, hata kitufe cha kuwashia taa. Kwenye gesti za vijana wanaosafiri na mabegi mgongoni, wageni huelezana wao kwa wao, tena bila kuulizwa. Nyota tatu hazina huyu wala wale. Mtu wa mapokezi hutoa ufunguo, chupa mbili ndogo za maji na tabasamu, basi.

Ndipo walipofikia Watanzania wawili waliokwenda kwenye mkutano wa vyama vya akiba na mikopo: mhasibu kijana wa Arusha, na mama mmoja wa Tanga aliyekaa kwenye uongozi wa saccos muda mrefu kiasi cha kutomwogopa mkaguzi yeyote. Hoteli ilikuwa katikati ya mji mkongwe, mitaa michache kutoka uwanja wa Zócalo. Wote wawili walijiandaa kukabiliana na mageni. Kumbe mageni hayana shida, kwa sababu mtu huyakaribia kwa hadhari. Kilichowaponza ni vitu vilivyofanana na vya nyumbani.

Angalau mtego mmoja waliukwepa kabla ya safari. Mtandaoni mhasibu alikuwa ameona mahali pa bei nafuu zaidi, pasafi, kila chumba kina gereji yake yenye pazia, na malipo ni kwa saa. Nchini Mexico moteli kwa kawaida si ya msafiri aliyechoka kuendesha. Ni ya watu wawili wasiotaka gari lao lionekane. Mama alizitazama zile picha mara moja tu.

“Mwanangu, hiyo ni gesti bubu,” akasema, na shauri likafungwa.

Mapokezini kulikuwa na bango la bei: $1,450 kwa usiku. Mhasibu akapiga hesabu kichwani, akapata zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu, akashika kaunta kwa mikono miwili. Alama ile ni ya peso. Tena wenye haki ya kulalamika ni Wamexico, kwa kuwa peso ya Kihispania ilianza kuandikwa hivyo kabla dola ya Marekani haijaiga. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, dola moja mara nyingi imekuwa ikicheza kati ya peso 17 na 20, kwa hiyo chumba kilikuwa chini ya dola 90, kabla ya VAT ya asilimia 16 na kodi ya malazi ambavyo bango halikuona haja ya kuvitaja. Mhasibu akashusha pumzi. Lakini kichwa kilibaki kwenye dola, na kijana aliyewabebea mizigo alipofika mlangoni akakabidhiwa sarafu ya tano kwa heshima zote, kama mahari. Kijana aliitazama, akamtazama mwenyewe, akashukuru kwa upole unaofundishwa kazini. Kwa peso tano hupati hata soda.

Ngazi ndizo zilizomshinda mama. Lifti ilichukua watu wawili wembamba wasio na sanduku, akaamua kupanda kwa miguu hadi ghorofa ya nne. Jiji la Mexico liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Arusha iko kama mita 1,400, na Tanga ni bahari yenyewe. Kwenye ghorofa ya pili mama alikaa juu ya ngazi, mkoba mapajani, akauliza kama jengo lilikuwa linaendelea kujengwa wakati wao wanapanda.

“Ni hewa, mama. Ni nyepesi.”

“Basi waniletee nzito.”

Chumbani, mhasibu alikuta bomba la kuogea lenye herufi mbili, C na F. Kila aliyepita shule ya Tanzania anajua C ni maji baridi. Maji yalianza uvuguvugu, akataka kuyapoza, akafungulia C yote. Mengine yaliyotokea yalisikika ukutani hadi chumba cha jirani. C ni ya *caliente*, maji ya moto. Baridi ni F.

Akajifuta, akakaa mezani kuandika taarifa ya siku. Kalamu ikabiringika, ikaanguka. Akairudisha, ikaanguka tena upande uleule. Akapiga simu mapokezi kulalamika kwamba meza ina mguu mfupi. Akaja fundi wa hoteli na kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne, akakipachika chini ya mguu, akaiweka kalamu mezani kwa mbwembwe. Ikabiringikia upande wa pili.

Meza haikuwa na kosa. Sehemu kubwa ya mji huu imejengwa juu ya matope ya Ziwa Texcoco, palipokuwa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki. Wahispania waliuteka mwaka 1521, wakajenga wao juu yake, na baadaye ziwa likakaushwa. Kwa kuwa wakazi wamekuwa wakivuta maji ya chini ya ardhi miaka nenda miaka rudi, udongo unajibana na mji unatitia, baadhi ya sehemu karibu nusu mita kwa mwaka. Mnara wa Malaika wa Uhuru, uliozinduliwa mwaka 1910 pale Reforma, wenyewe umesimama imara juu ya nguzo zake za chini. Ni barabara iliyoshuka, hadi ikabidi mnara uongezewe ngazi 14 ili watu waufikie. Kanisa Kuu la pale Zócalo limetitia huku zaidi na kule kidogo, na mafundi wametumia miaka kulinyoosha. Kama kanisa kuu limeinama, meza ya nyota tatu ni nani?

Mama alikuwa na vita vyake, navyo vilihusu chai. Maji ya bomba ya Mexico hayanywewi. Wenyeji hununua dumu la lita 20, na mgeni anayejidai shujaa hupatwa na ugonjwa wa tumbo unaoitwa kisasi cha Moctezuma, yule mfalme aliyekufa mikononi mwa Wahispania mwaka 1520. Mama hakuwa na ugomvi na Moctezuma. Alikuwa amebeba hita yake ya kuchemshia maji, majani ya chai, tangawizi na sukari. Akachomeka hita kwa adapta, akangoja. Akangoja sana. Umeme wa Mexico ni wa volti 127, wetu ni wa 230, na nguvu ya hita hufuata mraba wa volti, kwa hiyo ilibaki chini ya theluthi moja. Mhasibu alimfafanulia hesabu hiyo akiwa amesimama mlangoni, kwa kirefu, na maji yalikuwa bado hayajachemka alipomaliza.

Asubuhi mama akaamua chai ataagiza mgahawani. Akasema *té*, akaletewa kikombe cha maji ya manjano yanayonukia maua. Ilikuwa manzanilla, ua la chamomile, ambalo Mexico nzima hupewa mtu anayeumwa tumbo. Mhudumu akamuuliza kwa ishara, huku akijishika tumbo, kama bado linamuuma. Kesho yake aliagiza kwa makini zaidi: chai nyeusi, na maziwa. Akaletewa glasi ya maji moto, mfuko wa majani pembeni, na maziwa ya baridi kwenye kijagi. Vyote alivyoomba vilikuwepo mezani, chai tu ndiyo haikuwepo.

Chakula kilikuwa hadithi nyingine. Mhasibu alipoona mahindi alijiona amefika kwao, na kwa namna fulani ni kweli: mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Mexico miaka kama 9,000 iliyopita, na yalivuka bahari na kuja kwetu baada ya Wazungu kufika Amerika, pamoja na pilipili. Wakaletewa chilaquiles, vipande vya tortilla vilivyokaangwa na kumwagiwa mchuzi, na juu yake krimu, jibini na kitunguu. Kando vikaja vibakuli viwili vya salsa, chekundu na cha kijani. Mhasibu akakiogopa chekundu kwa akili timamu, akajipakulia cha kijani, maana kilifanana na chatne ya kotmiri. Mhudumu akamhakikishia kuwa hakiwashi. Kuhusu neno hilo msafiri asimwamini mhudumu yeyote wa Mexico: hawadanganyi, ila wameanza mazoezi wakiwa watoto.

Machozi yakamtoka mhasibu. Mama, aliyekula pilipili mbuzi maisha yake yote, akavuta kibakuli, akaonja, akaongeza.

“Hii inafaa kwa samaki,” akasema.

Kitu kimoja tu kilifanana na cha nyumbani bila hila. Jumamosi asubuhi mgahawa uliandika kwenye ubao kwamba kuna pancita, supu ya utumbo, na meza zikajaa wanaume wenye macho mekundu wakiikamulia ndimu kimyakimya. Mhasibu hakuhitaji maelezo yoyote. Supu ya Jumamosi asubuhi anaijua vizuri, na sababu zake pia.

Usiku, chumba kilichotazama barabarani kilionyesha kwa nini kilikuwa wazi. Kwanza ilipita sauti ya mtoto wa kike kwenye kipaza sauti, akiimba orodha ndefu. Kwetu gari la matangazo likipita ni kampeni, mkutano wa injili au dawa ya panya na kunguni, hivyo mhasibu akachungulia dirishani kutafuta bendera za chama. Kumbe ni mnunuzi wa chuma chakavu. Sauti ile ilirekodiwa zamani na mfanyabiashara mmoja akimtumia bintiye aliyekuwa mtoto wa shule: ananunua magodoro, friji, majiko, mashine za kufulia. Kanda ikanakiliwa na wenzake hadi ikaenea nchi nzima. Binti sasa ni mtu mzima, lakini barabarani bado anadai magodoro kwa sauti ileile. Baadaye akapita muuza tamale, naye ana kanda yake. Halafu ukaja mluzi mrefu wa mvuke, na mama akaketi kitandani. Amekulia Tanga, mji ambao reli yake ilianza kujengwa mwaka 1893. Honi ya treni haimpotei. Asubuhi akadai kubadilishiwa chumba kwa sababu hoteli haikusema iko jirani na stesheni. Ilikuwa mikokoteni ya viazi vitamu na ndizi za kuoka, ambayo hutumia mvuke wa matanuri yake kuita wateja.

Ilipokaribia mwisho wa Oktoba, ukumbi wa mapokezi uliwekewa meza ya ngazi kadhaa: maua ya manjano, mishumaa, machungwa, chokoleti, na mikate ya duara yenye sukari juu. Mhasibu aliporudi kutoka mkutanoni saa kumi na moja jioni, akiwa na njaa, akaona hatimaye hoteli imefikiria wageni. Akachukua mkate mmoja, akaula wote, mzuri sana. Ndipo alipoiona picha ya mzee mwenye masharubu kati ya mishumaa, ikimtazama.

“Mwanangu,” mama akasema kwa sauti ya chini, “umekula tambiko la watu.”

Ile ilikuwa meza ya Siku ya Wafu, ambayo huadhimishwa tarehe 1 na 2 Novemba. Chakula huwekwa kwa ajili ya marehemu wa nyumba. Wao hujipatia harufu na ladha yake, halafu walio hai ndio wanaokula. Kwa hiyo kosa lake lilikuwa la ratiba tu. Hata hivyo alitoka mbio hadi duka la mikate, ambako mteja huchukua sinia na koleo akajiokotea mwenyewe, akarudi na mikate mitatu, mmoja wa deni na miwili ya riba. Mtu wa mapokezi akaipanga mezani bila kusema neno, na mzee wa masharubu akasogezwa mbele kidogo ili aone vizuri.

Halafu king'ora. Kililia alfajiri, kutoka kwenye spika zilizofungwa juu ya nguzo za barabarani, na hakikufanana na kanda ya mfanyabiashara yeyote. Matetemeko mengi makubwa yanayolitikisa jiji huanzia pwani ya Pasifiki, kilomita 300 hivi kutoka hapo. Mawimbi ya redio huenda kasi kuliko mawimbi ya ardhi, kwa hiyo vifaa vilivyowekwa pwani huweza kulipatia jiji hata dakika nzima ya kujiokoa. Mfumo huo ulianza mwaka 1991, baada ya tetemeko la tarehe 19 Septemba 1985 lililoua maelfu na kuiangusha, pamoja na majengo mengine mengi, Hoteli Regis ya barabara ya Juárez. Leo mahali pake ni uwanja wa wazi. Ndiyo maana wafanyakazi wa hoteli, wanaocheka na kila kitu, siku ya king'ora hawacheki. Waliwateremsha wageni kwa ngazi, haraka na kwa utaratibu, kuliko mzigo wowote uliowahi kushushwa katika hoteli ile.

Barabarani walisimama Wajerumani wawili wa taulo, bwana mmoja mwenye povu la sabuni kichwani, na mhasibu mwenye kompyuta mkononi na kiatu kimoja. Mama alitoka na kanga mbili, moja kiunoni na nyingine begani, amejisitiri kuliko wote. Tetemeko lilikuwa dogo, wengi hawakulisikia. Baada ya dakika chache wakaruhusiwa kurudi, lakini yule wa povu alikuwa ameganda kwa baridi ya alfajiri hadi kanga moja ikamwendea kwa mkopo.

Anayefikiria safari ya namna hii aombe chumba kinachotazama uani, hakina mandhari lakini kina usingizi. Abebe adapta, aache hita nyumbani, na asome kile kibandiko cha kijani kinachoonyesha njia ya ngazi kabla ya kufungua sanduku. Na kama atakuwepo tarehe 19 Septemba, ajue kwamba siku hiyo karibu kila mwaka kuna zoezi la nchi nzima na king'ora kitalia kweli. Aoge mapema.