Muhadhara wa Galu: Jinsi Paris Ilivyoshindwa Kutazama Ngoma

Wazee wangu, mama zangu, vijana mliokalia ukingo wa mtumbwi huo, na nyinyi wa bodaboda mnaojifanya mnapita tu: mmebahatika. Diani wana hoteli, Msambweni wana hospitali, lakini Galu ndiyo yenye bingwa wa balei, tena bingwa asiye na cheti, maana hajapatikana mtu wa kumtahini. Leo nathibitisha jambo moja tu. Usiku wa tarehe 29 Mei 1913, katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées mjini Paris, kundi la Warusi la Sergei Diaghilev lilicheza ngoma. Waliolipa kiingilio walikuja wakitarajia balei, na kwa kuwa hawakuwa na mtu wa Kwale wa kuwaelekeza, walizomea, wakatukanana, wakapiga kelele hata wachezaji wakawa hawausikii muziki. Vitabu vya Ulaya huadhimisha usiku huo kama kuzaliwa kwa sanaa ya kisasa. Mimi nauita utovu wa adabu ngomani.

Anzeni na nyayo. Tangu mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aanzishe chuo cha wachezaji mwaka 1661, balei ilizidi kuikimbia ardhi. Vidole vya miguu viligeuzwa nje, mwili ukavutwa juu, na mwaka 1832 Marie Taglioni akasifiwa mno kwa kusimama juu ya ncha za vidole kana kwamba hana uzito. Ndipo akaja Vaslav Nijinsky, aliyefunzwa tangu utotoni katika chuo cha kifalme cha St Petersburg, mtu aliyeruka hadi watazamaji wakawa na shaka kama atashuka. Huyo, alipopewa kazi ya kuutungia mchezo muziki wa Igor Stravinsky uitwao Le Sacre du printemps, aligeuza vidole vikatazamana, akakunja magoti ya watu, akawaamuru waikanyage sakafu kwa nyayo nzima, huku wamevaa nguo nzito zilizobuniwa na mchoraji Nicholas Roerich. Paris ikaghadhibika. Nawauliza, ni mtoto gani wa Kidigo aliyekua akitazama sengenya ambaye angehitaji kuelezwa kwamba ardhi ipo ili ikanyagwe? Hata muziki wenyewe haukuanza na fidla. Ulianza na basuni peke yake, ikilia juu kuliko ilivyozoeleka. Na basuni, kwa taarifa yenu, ni nzumari iliyorefushwa ikakunjwa, maana zote mbili hulizwa kwa tete. Kelele zilipozidi, Nijinsky alipanda kwenye kiti pembeni mwa jukwaa akawa anawahesabia wachezaji wake kwa Kirusi, lugha ambayo namba zake zikishapita kumi huwa ndefu kuliko pigo lenyewe. Mpiga chapuo yeyote wa Kinondo angemshusha. Mchezaji hahesabiwi, hupigiwa.

Lakini ushahidi unaonipa usingizi mzuri ni wa magoti. Katika sehemu ya pili, msichana aliyeteuliwa, akichezwa na Maria Piltz, husimama papo hapo kwa muda mrefu, miguu ikitazamana, magoti yakitetemeka, kichwa kimeinamia mkono. Inasimuliwa kwamba watazamaji walianza kuita daktari, na mwingine akadai aletwe daktari wa meno. Daktari wa meno! Mtu anatetemeka mbele ya hadhara, muziki unazidi kumchochea, watu wamemzunguka, na mji mzima wa Paris unafikiria gego. Pwani hii hali hiyo ina utaratibu wake: huitwa mganga, hupigwa kayamba, na pepo huulizwa anataka nini. Sisemi Piltz alikuwa na pepo. Nasema tu kwamba Galu wangeitambua dalili.

Najua wapo wasomi wa kutoka Ukunda watakaonijibu kwamba balei ni ubunifu, ilhali watu wetu wa zama hizo walikuwa wakiiga Wazungu. Wanakusudia beni, ile ngoma ya mwambao ambamo vikundi vya Kingi na Skochi vya Mombasa vilishindana kwa gwaride, vyeo vya kijeshi na mavazi ya Kizungu. Vema. Basi tuitazame Paris ya mwaka 1910. Diaghilev alionyesha Scheherazade, hadithi ya Alfu Lela Ulela ambayo bibi zenu wanaijua bila kukata tiketi. Léon Bakst akabuni mapazia na suruali pana. Nijinsky akajipaka rangi mwilini akacheza mtumwa. Muda si muda mabibi wa Paris wakawa wanatembea na vilemba, na fundi Paul Poiret akawauzia suruali za kina Shehrazade. Kwa hiyo katika miaka ileile mtu wa Mombasa alivaa kama Mskoti, na mtu wa Paris akavaa kama sultani. Mmoja akaitwa mwigaji, mwingine msanii. Tena kati ya walioitia mkono beni tangu mwanzo walikuwamo watu wa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa walioachiwa huru kutoka utumwani. Wao hawakuhitaji rangi ya kujipaka ili wamjue mtumwa.

Kuna pia watakaosema kwamba katika Sacre wazee wanakaa duara wakimtazama msichana akicheza mpaka afe, na kwamba kwa kuilinganisha na ngoma zetu nawasingizia wazee wa kaya, misitu yetu mitakatifu. Hapana. Kaya Kinondo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, humtaka mgeni ajifunge kaniki nyeusi na asitoke na kitu msituni, basi. Kwa ustaarabu, Kinondo wamemzidi Roerich mbali sana.

Hoja inayobaki ni ya hoteli. Eti ngoma zetu siku hizi ni za kuchangamsha wageni kabla ya chakula cha jioni, zinabanwa kati ya mwanasarakasi na meza ya keki, kwa hiyo si sanaa. Basi balei nayo si sanaa. Mwaka 1918, vita vikiwa vimemkausha Diaghilev mfuko, kundi lake lilicheza London katika ukumbi wa Coliseum, kwenye programu moja na wachekeshaji na watu wa viinimacho. Hakuna mwanahistoria aliyelifuta vitabuni kwa sababu hiyo. Mnaosema mchanga hauwezi kuwa jukwaa, sikilizeni: Mjerumani Pina Bausch aliitunga Sacre yake mwaka 1975 ichezwe juu ya udongo, na mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi, wachezaji kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliokusanyika École des Sables, chuo cha Germaine Acogny huko Senegal, waliicheza ufukweni Toubab Dialaw jioni, bahari ikiwa nyuma yao. Mchanga wa Senegal, mabwana, haujanizidi mimi kwa lolote. Wenye swali wainue mkono. Wenye jibu tofauti na langu wangoje maji yapwe, tutawasikiliza wakiwa kule kwenye mwamba.