Mashauri ya Jumamosi

Mpira wa gofu umelala chini. Haukimbii, hakuna beki wa kukupokonya, wala kipa hayupo. Kwa mwenye akili zake, huu ungekuwa mchezo rahisi kuliko yote. Mimi pia niliamini hivyo mpaka nilipoanza kuucheza, na tangu hapo sijakosa mwalimu hata siku moja.

Walimu wenyewe sikuwaajiri. Nikisimama tu kwenye tii, pale pa kuanzia kupiga, Jumamosi asubuhi, kila mtu ana lake. Wakili anataka nikunje magoti. Daktari wa meno anasema nimeyakunja mno. Mzee mmoja mstaafu wa benki, ambaye mpira wake mwenyewe umeishia mtaroni, ananieleza kuwa tatizo langu ni kiuno. Mke wangu naye ana maoni kuhusu kiuno changu, ila yeye hayasemi mbele za watu. Basi nikiinua fimbo, kichwa changu kimekuwa kamati ya harusi: magoti, kiuno, kiwiko, pumzi, kila mjumbe anadai nafasi ya kuzungumza. Mpira unakwenda zake kichakani.

Huko saa inaanza kuhesabu. Zamani kanuni zilitupa dakika 5 za kutafuta. Tangu 2019 ni 3. Waliozikata hawajui nyasi za Nairobi baada ya mvua za Aprili. Usipouona, unarudi ulikopigia na pigo moja la adhabu juu yake. Tumbili yuko mtini anakutazama, na uso wake ni wa mtu mwenye ushauri.

Ukifika kwenye grini ndipo hesabu inapokataa. Shimo lina upana wa milimita 108, mpira ni kama 43. Miwili inaingia kwa pamoja na nafasi inabaki. Wangu, mmoja tu, unazunguka ukingo kisha unatoka.

"Umeinua kichwa," anasema wakili.

Ninayemsikiliza ni kedi, mbeba fimbo wangu, peke yake. Huniambia, "Mkubwa, taratibu," kisha ananyamaza. Siku makedi wanaporuhusiwa kucheza, kijana huyo, kwa fimbo za kuazima, hupata alama ambazo wakili na daktari hawazifikii hata wakijumlisha ujuzi wao wote.

Na dawa ipo, imeandikwa. Kanuni ya 10.2 inakataza kumshauri mshindani mwenzako: katika mashindano ya kuhesabu mapigo, adhabu ni mapigo 2. Ndiyo maana siku ya kombe uwanja huwa mtulivu, na mstaafu wa benki hugundua ghafla kwamba kiuno changu hakina neno.

Naiomba kamati ya klabu ianze kuitumia kanuni hiyo kila Jumamosi, na imwanzie wakili.