Siku 7 za Neema

Kila mtumishi wa ofisi yetu anaamini kuwa seva imejazwa na mtu mwingine. Uhasibu unawashuku watu wa miradi. Watu wa miradi wanawashuku watu wa mawasiliano. Watu wa mawasiliano, ambao kweli wanazunguka na kamera, wanaapa kwamba video zao ni ndogondogo tu. Kitengo kizima cha TEHAMA ni mimi peke yangu, kwa hiyo mashtaka yote huletwa kwangu, na mashahidi juu. Mtuhumiwa ndiye hajawahi kutokea.

Mwisho diski ikajaa hadi barua pepe za kulalamika kwamba diski imejaa zikawa haziingii. Menejimenti ikaridhia: kila mtu awekewe kikomo.

Jambo lenyewe si geni. Vikomo vya diski viliingia kwenye Unix ya Berkeley mwaka 1983, katika toleo la 4.2BSD, kwa kazi ya Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Ukitazama alivyovipanga utaona huyu bwana aliishi na watu. Kuna kikomo laini: ukikivuka unaonywa, lakini kazi inaendelea. Kuna kikomo kigumu: ukikigusa, huandiki hata herufi. Kati ya viwili hivyo kuna muda wa kujirekebisha. Katika mpango wa Elz muda huo ulihesabiwa kwa mara ulizoingia kwenye mfumo. Kwetu, ambako kompyuta huwashwa Jumatatu na kuachwa hivyo hivyo hadi Ijumaa, asingenaswa mtu. Linux ya leo kwa kawaida hutoa siku 7 za neema, na zikiisha kabla hujapunguza mizigo, kikomo laini nacho kinakaza.

Siku hizo 7 huwa tulivu ajabu. Onyo linatumwa kila asubuhi, na hakuna anayelisoma. Siku ya nane mlango wangu unakuwa zahanati.

Wa kwanza kufika alikuwa dada wa mapokezi. “Kaka, mbona nimefuta kila kitu na bado inakataa?” Kweli alikuwa amefuta: video nzima ya send-off ya binamu yake ilikuwa imelala kwenye pipa la taka, na pipa la taka linahesabiwa kama sebule. Nikamwambia alimwage. “Usithubutu,” akasema, “hiyo ni kumbukumbu.”

Akafuata mhasibu wetu, mzee wa kuheshimika, na hoja yake ilikuwa nzito. Nafasi yake ilikuwa bado nusu nzima, na mfumo ulikuwa unamkatalia. Tatizo ni kwamba mfumo huweza kuwekewa vikomo vya aina mbili: ukubwa wa jumla na idadi ya mafaili. Mzee alikuwa ameskani risiti za miaka yote, kila ukurasa faili lake. Nikaeleza taratibu, kwa adabu zote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Kwa hiyo, kijana wangu, mnatutoza kwa kilo na kwa kichwa?” Bado natafuta jibu.

Afisa miradi alijiona mjanja zaidi. Alihamishia kila kitu kwenye folda ya wote, akidhani huko ni shamba la kijiji. Lakini mfumo wetu hauangalii faili limelala wapi, unaangalia ni la nani. Basi akamgeukia mwanafunzi aliyekuwa field kwetu: “Mdogo wangu, hebu ninakilie haya kwako, kwa muda tu.” Anayenakili ndiye mwenye nakala, kwa hiyo deni likahama. Idara nyingine zikasikia habari hiyo njema. Wakubwa wa Unix waliuona ujanja wa namna hii mapema, ndiyo maana mtumiaji wa kawaida alizuiwa kumwandikisha mwenzake faili. Hawakumfikiria mwanafunzi anayehitaji kusainiwa fomu. Maskini kijana alijaa kabla hajahifadhi hata ukurasa mmoja wa ripoti yake.

Mkuu wetu, yeye, alishaagiza tangu mwanzo asihesabiwe. Kwenye mfumo huu, anayeandikiwa 0 ndiye asiye na kikomo, nami nikamwandikia 0. Nikachapisha orodha ya watumiaji wote, nikaipeleka mezani kwake. Muda si mrefu naitwa.

“Dereva ana GB 10?”

“Ndiyo, Mkuu.”

“Mtoto wa field ana GB 10?”

“Ndiyo, Mkuu.”

“Na mimi sifuri?”

Nilijitahidi. Nilimwambia sifuri ile ni heshima kubwa kuliko zote. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia fundi simu asiyemwamini, akaamuru apewe haki yake kama wenzake. Nikampa GB 10. Alikuwa tayari ametumia 84.

Alasiri ile Mkuu alitaka kuniandikia waraka mkali, na waraka ukakataa kuhifadhiwa. Akamwita mwanafunzi wa field amchapie, kijana akaeleza hali yake. Waraka ulinifikia kesho yake, umechapwa kwenye stationery ya ng’ambo ya barabara, risiti imebanwa nyuma kwa ajili ya uhasibu kuiskani.

Nimemrudishia sifuri yake. Orodha siku hizi naichapisha bila mstari wa jina lake, naye amenipongeza kwa kushughulikia suala hilo haraka.